Dawa za miti kwa minyoo ya mbuzi na kondoo: kipi kinasaidia, kipi hakina maana na kipi kinaua

Assalam alaykum wafugaji wenzangu wa Unguja na Pemba na popote mlipo.

Masika yakishaingia tu maswali yanakuwa yale yale, mbuzi wangu kakonda, manyoya yamemsimama, chini ya taya pamevimba, nimpe majani gani? Na majibu yanakuja mbio, mwarobaini, thomu, mbegu za papai, mrututu, ugoro, kila mtu na lake, wala hakuna anaeuliza huyo mbuzi ana minyoo gani na kafika hali gani. Mie dawa za miti nazipenda na nazitumia, ila naona uchungu kweli mnyama anapokufa baada ya wiki nzima ya kunyweshwa maji ya majani wakati dawa ya kumuokoa ilikuwepo dukani. Kwahivo ntaeleza hatua kwa hatua, na pahala ambapo mti hausaidii ntasema hausaidii hata kama wazee wetu walikuwa wakiutumia.

Hatua ya 1: ujue unapigana na nani

Minyoo ni mingi na haifanani. Unaoua mbuzi wetu zaidi kipindi cha mvua ni ule unaokaa tumbo la nne, madaktari wanauita Haemonchus, huo unanyonya damu. Ni mwembamba kama uzi, urefu wake sentimita 2 mpaka 3, na jike lina mistari miwili iliyosokotana, mwekundu na mweupe, mwekundu ni damu iliyomo ndani na mweupe ni mfuko wa mayai. Siku mkichinja, iwe akika au Idd Kubwa, msilitupe tumbo la nne hivi hivi. Lipasueni kwa kisu wakati bado lina joto, lisuuzeni kwa maji kidogo pole pole, kama ipo mtaiona inachezacheza kwenye utando wa tumbo, na hapo pana vidoa vidogo vidogo vya damu ilipong'ata. Mkiona hivo ndo mjue na waliobaki bandani wanayo.

Hesabu yake inatisha. Mnyoo mmoja unapoteza damu ya mnyama kiasi cha mililita 0.05 kwa siku, inaonekana si kitu, lakini minyoo 1,000 ni mililita 50 kila siku, na mbuzi wetu wa kienyeji wa kilo 20 damu yake yote haifiki lita 2. Na jike moja linataga mayai 5,000 mpaka 10,000 kwa siku, yote yanatoka na kinyesi yanakwenda malishoni.

Sasa sikilizeni hapa mana ndo watu wengi wanapopotea. Mbuzi mwenye minyoo hii kwa kawaida HAHARISHI. Choo chake gololi nzuri tu, ila anazidi kuwa mnyonge, akitembea na wenzake anabaki nyuma, anapata uvimbe laini wa maji chini ya taya ambao jioni unaonekana zaidi kwasababu kutwa alikuwa kainamisha kichwa anakula. Mtu anatizama choo anasema huyu hana minyoo, asubuhi anamkuta kashakufa.

Wanaoharisha mara nyingi ni wale wenye minyoo midogo ya utumbo mdogo, hao wanakonda na nyuma panachafuka. Alafu ipo tegu, ile inayotoa vipande vyeupe bapa juu ya kinyesi. Hii ndo inayowatisha watu kuliko zote kwa kuwa inaonekana kwa macho, na kumbe kwa mbuzi mkubwa madhara yake ni madogo mno. Mtu anahangaika na tegu mwezi mzima, ile inayoua haionekani kwenye choo kabisa, mayai yake yanataka hadubini.

Vitoto vya mbuzi vya mwezi mmoja mpaka miezi mitano vikiharisha, tena choo kina damu au utelezi, hiyo yaweza kuwa koksidia. Koksidia si minyoo, ni kijidudu kingine, dawa ya minyoo haiigusi iwe ya mti iwe ya dukani. Mpeleke kwa bwana mifugo upesi, mana kitoto hakina siku nyingi.

Na kwa wenzetu wanaolisha kwenye mabonde ya mpunga na pahala panapotuama maji, kuna minyoo bapa ya ini, inapitia kwa konokono wa majini. Hii nayo inampausha mnyama na kumvimbisha taya. Miti yote ntakayoitaja humu haifiki kwenye ini, msijidanganye.

Jengine dogo: mnyama kukosa damu, wenzetu wa bara huwaza na mbung'o, yule nzi anaeambukiza nagana, maradhi ya kumaliza damu. Pemba mbung'o hakuwahi kuwepo, na Unguja alimalizwa kwa ule mradi wa kuachia madume yaliyohasiwa kwa mionzi, wa mwisho alinaswa 1996 na 1997 ikatangazwa kisiwa kimesafika. Kwahivo kwetu hapa jicho likiwa jeupe, yaani utando wa ndani wa ukope umepauka, mtuhumiwa wa kwanza ni minyoo ya tumbo, alafu kupe, alafu minyoo ya ini.

Hatua ya 2: tizama jicho kabla hujatafuta jani

Kuna kadi inaitwa FAMACHA, imetokea Afrika Kusini, jina limetokana na daktari wa mifugo Faffa Malan. Ina rangi tano za utando wa ndani wa ukope wa chini. 1 nyekundu kabisa, 2 nyekundu iliyofifia kidogo, 3 waridi, 4 waridi inayokwenda kwenye weupe, 5 nyeupe. Ukipata kadi yenyewe ni bora kuliko kukisia, ila hata bila ya kadi ukiwatizama wanyama wako wote siku moja utaona tofauti, yule mweupe anajitenga mwenyewe.

Jinsi ya kufanya: simama naye juani, si ndani ya banda. Funika jicho kwa kidole gumba kupitia ukope wa juu, bonyeza kidogo, alafu vuta ukope wa chini kwa kidole cha pili, ule utando utatokeza wenyewe. Soma rangi haraka, usikae ukalivuta vuta mana likikaa wazi linazidi kuwa jekundu ukadanganyika. Tizama macho yote mawili, chukua lile lililopauka zaidi. Kama jicho lina vumbi au ugonjwa wa macho rangi haitokuwa ya kweli, muangalie na ufizi.

Masika na vuli fanya kila baada ya wiki mbili, mvua ikiwa kali na jua linapiga katikati fanya kila wiki. Kiangazi mara moja kwa mwezi inatosha.

Kwenye kundi lolote wachache ndo wanaobeba minyoo mingi, huwa kama robo ya wanyama wana robo tatu ya minyoo yote. Hii ndo sababu ya kutizama mmoja mmoja. Ukiwapa wote dawa kwa mpigo unapoteza pesa, na ile minyoo inayobaki hai baada ya dawa ndo inayozaana peke yake, baada ya misimu kadhaa dawa haikati tena.

Hatua ya 3: amua nani wa miti na nani wa dawa ya duka

Hapa sitaki tuzungushane. Mwenye 1 na 2 anaachwa, anakula majani mazuri tu basi. Mwenye 3, bado ana nguvu, anakula, huyu ndo mtu wa miti, na utamtizama tena baada ya wiki. Mwenye 4 na 5, au mwenye uvimbe chini ya taya hata kama jicho ni 3, huyo siku hiyo hiyo anataka dawa ya minyoo ya dukani kwa dozi iliyokamilika, na lishe nzuri nyuma yake. Usimpe mti kwanza "tuone". Hana damu ya kusubiri.

Mbuzi mwenye mimba kubwa au aliezaa karibuni, na kitoto kilichoachishwa ziwa, hao nawahesabu wote daraja moja chini, akiwa 3 namchukulia 4. Mama anapokaribia kuzaa na wiki nane za mwanzo za kunyonyesha kinga yake inashuka na mayai yanakuwa mengi kwenye choo chake, tena pale pale alipo na mwanawe.

Dozi ya mbuzi si dozi ya kondoo. Mbuzi dawa inamtoka mwilini haraka, albendazole kwa mfano anahitaji zaidi ya kondoo, hadi mara mbili, kwahivo muulize bwana mifugo dozi ya MBUZI, usisome tu kile kilichoandikwa kwa kondoo. Na albendazole haipewi mwenye mimba ya mwezi wa kwanza. Uzito usikisie kwa jicho, ule mzani wa kuning'iniza tunaopimia karafuu unafaa kabisa, mtie kwenye gunia lililotobolewa miguu umpime. Dozi pungufu ni mbaya kuliko kutompa.

Hatua ya 4: miti yenyewe

Nnaanza na kile nnachokiamini zaidi, na wala si dawa ya kunywesha, ni chakula.

Majani yenye ukakasi. Ule ukakasi unaokausha ulimi ukitafuna jani la mpera au la fenesi unaitwa tanini. Tanini inaishika minyoo tumboni ikapunguza kutaga, inazuia mayai na viluwiluwi, yaani watoto wa minyoo, kukua kwenye choo, na tena inaisetiri protini ya chakula isimalizwe kwenye tumbo la kwanza, ikafika mbele ikamjenga mnyama. Kwetu tunayo bure: mfenesi, mpera, muembe, mlusina, na kisamvu kikavu. Mkatie matawi umning'inizie juu bandani, mbuzi anapenda kula juu na juu hakuna viluwiluwi. Hii peke yake, mbuzi kula majani yaliyo juu ya magoti yake badala ya kulamba ardhi, inapunguza minyoo kuliko chupa nyingi za dawa.

Kisamvu nakieleza kwa kirefu mana kimefanyiwa majaribio na mbuzi kule Asia ya kusini mashariki, Kambodia na jirani zake, wakaona mayai kwenye choo yanapungua kwa mbuzi wanaolishwa. Lakini kisamvu kibichi kina sumu ya sayanidi, na muhogo mchungu ndo zaidi. Mbuzi akivamia shamba la muhogo na njaa anaweza kufa ndani ya saa moja au mbili, anahema mbio, anatoka povu, ufizi unakuwa mwekundu wa kung'aa, anaanguka. Kibaya zaidi ni kile kilichonyauka nusu, mana kunyauka kunaitoa hiyo sumu na haijapata kuondoka. Kwahivo kata vipande vipande, tandaza jamvini juani siku mbili tatu za jua la kweli, geuza geuza, usiku ingiza ndani kisilowe umande. Kimekauka pale unapokifumbata mkononi kikavunjika kwa mlio na kuwa unga unga, kama kinajikunja bado hakijawa. Kiweke kwenye gunia pahala pakavu, kikiota ukungu kitupe. Mpe mbuzi mkubwa konzi moja siku za mwanzo, polepole ufike konzi mbili tatu kwa siku, isizidi robo ya chakula chake. Mvua ikiwa haikatiki huwezi kukausha, basi wacha kisamvu, kata fenesi.

Mlusina usizidi thuluthi ya chakula, una kitu kinaitwa mimosini, ukizidi manyoya yanapukutika na koo linavimba. Majani ya mti wa glirisidia nayo mpeni, msaada wake mkubwa ni protini, mbuzi asieshiba protini hana cha kupigania minyoo hata umpe nini. Ikiwa hamuipendi kwa harufu inyausheni kidogo kwanza, wataizoea. Ongezeni machicha ya nazi na pumba za mpunga kwa wale waliopauka.

Magome ya mikoko msiguse. Ukakasi wake ni mwingi kupita kiasi, mnyama anakataa chakula na tumbo linafunga, na mikoko yenyewe inalindwa.

Mbegu za papai. Hizi zina nguvu ya kweli. Ile harufu kali inayopanda puani ukizisaga ndo dawa yenyewe, na inatoka pale tu mbegu inapovunjwa, tena inaruka na hewa. Kwahivo mbegu nzima nzima hazifanyi kitu, zinaingia na kutoka vile vile, na unga uliosagwa mwaka jana nao ushakwisha nguvu. Mwaka 2007 Nigeria walichapisha jaribio la watoto 60 wenye vimelea vya tumbo, waliopewa mbegu kavu za papai na asali walipona wengi kuliko waliopewa asali tupu, zaidi ya robo tatu yao walisafika. Hao ni watu lakini, si mbuzi, na mbuzi ana matumbo manne, dawa inachanganyika na chakula kingi kabla haijafika. Usihamishe hesabu moja kwa moja.

Mie nafanya hivi, na hichi ni kipimo cha mazoea si cha maabara: mbegu za papai bivu zinaoshwa, zinakaushwa kivulini mpaka ziwe kavu kabisa, zinatwangwa asubuhi ile ile kwenye kinu. Mbuzi mkubwa wa kilo 20 mpaka 30 kijiko kimoja cha chakula cha unga, kitoto zaidi ya miezi minne kijiko cha chai. Changanya na pumba na chumvi kidogo apewe kabla ya kutoka malishoni akiwa na njaa, siku tatu mfululizo, alafu rudia baada ya wiki tatu, mana wiki tatu ndo muda ambao kiluwiluwi kilichomezwa kinakuwa mnyoo unaotaga. Asipewe mwenye mimba. Na beberu la mbegu asizoeshwe, kwa wanyama wa maabara mbegu hizi zilipunguza uzazi wa madume.

Utomvu wa papai bichi nao umejaribiwa kwa kondoo, una vimeng'enya vinavyoyeyusha ngozi ya mnyoo, na ulipunguza ile minyoo ya tumbo la nne, ya utumbo mdogo haukuipata. Ila unaunguza ngozi, ukiingia jichoni ni hatari, kipimo chake ni kigumu na ukiuchemsha ushakufa. Kwa nyumbani siushauri. Na yule anaechemsha majani ya papai akanywesha supu yake ajue moto umeshaviua hivo vimeng'enya.

Mwarobaini. Najua ntagombana na watu. Majaribio yake kwa mbuzi na kondoo yanapishana, pengine mayai yamepungua pengine hayakutikisika. Tawi la mwarobaini kuning'inizwa bandani akalichuma kidogo kidogo sina tatizo nalo. Kupika majani mpaka maji yawe meusi ukamshindilia nusu lita sitaki, na mwenye mimba hata tawi asipewe, mwarobaini unaharibu mimba.

Thomu, yaani kitunguu saumu, inapendeza pumzi na hamu ya kula, minyoo ya damu haiipati kivile, majaribio mengi hayakuona tofauti. Kama unayo nyingi mpe, kama ya kununua pesa hiyo kanunue pumba. Mbegu za boga zinalegeza tegu tu, na tushasema tegu si shida kubwa.

Karafuu. Kwa Pemba lazima niiseme. Mafuta yake yanaua mayai ya minyoo kwenye glasi ya maabara, kweli, lakini glasi si tumbo la mbuzi, na mafuta yale yanayotoka kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) pale Wawi ni makali, kumnywesha mnyama ni kumuunguza koo na ini. Majani yaliyopukutika akila mwenyewe chini ya mkarafuu hayana neno.

Vitu vya kuwacha kabisa kabisa

Mrututu. Zamani ulitumika kweli duniani kote kama dawa ya minyoo, lakini ni shaba, na kondoo shaba inamkusanyikia kwenye ini kimya kimya, siku moja anakojoa mkojo mwekundu anakufa. Kondoo ndo mnyonge zaidi wa shaba kuliko mifugo yote. Ugoro na maji ya tumbaku, nikotini yake inaua kwa kiasi kidogo tu, mnyama anatetemeka, mate yanamtoka, pumzi inakatika. Mafuta ya taa, mafuta ya gari, sabuni ya unga, hivo si dawa hata kidogo. Na majani ya mti usioujua vizuri, hata kama mtu kakwambia babu yake alikuwa akiutumia.

Hatua ya 5: kunywesha bila ya kumzamisha

Wanyama wengi hawafi kwa dawa, wanafa kwa maji kuingia mapafuni. Chupa ya soda mdomoni, kichwa kimeinuliwa juu mbinguni, dawa inamiminwa, mnyama anakohoa, siku tatu baadae homa ya mapafu, alafu dawa inalaumiwa. Tumia sirinji kubwa bila ya sindano. Mtu mmoja amshike katikati ya miguu, kichwa kiwe usawa wa mgongo tu, ingiza sirinji pembeni ya mdomo pale pasipo na meno, ifike juu ya ulimi, sukuma kidogo, ngoja ameze, sukuma tena. Akikohoa muachie kichwa. Mnyama aliedhoofika kiasi cha kushindwa kusimama usimnyweshe peke yako, mwite bwana mifugo.

Unga wowote unaoweza kuchanganywa kwenye chakula uchanganye kwenye chakula, achana na kunywesha.

Na siku ya dawa ya dukani usichanganye na miti. Hutojua kipi kimefanya kazi.

Hatua ya 6: malishoni ndo kwenye mzizi

Yai likitoka na choo, kwenye joto na unyevu wetu huu linakuwa kiluwiluwi kinachoambukiza ndani ya wiki moja, pengine siku tano. Kiluwiluwi kinapanda kwenye jani pamoja na umande, zaidi kinakaa sentimita kama 5 za chini. Kwahivo asubuhi usiwatoe umande haujakauka, ngoja jua lishike. Na usimwache anyonyoe nyasi mpaka udongo.

Sisi wengi tunafunga kamba, na kamba ndo inayotuumiza pale mbuzi anapofungwa kigingi kile kile mwezi mzima, anakula juu ya choo chake. Hamisha kigingi kila baada ya siku tatu nne, kabla mayai hayajawa tayari, na usirudi hapo mapema. Visiwa vya Tonga kule Pasifiki, mvua na joto kama kwetu, 1994 walichapisha jaribio lao, waligawa malisho vipande 10, mbuzi wanakaa siku tatu na nusu kila kipande, mpaka wanarudi cha mwanzo umepita mwezi na zaidi, mayai kwenye choo yalikuwa chini ya nusu ukilinganisha na waliokaa pahala pamoja. Sababu ni kuwa kiluwiluwi hakili kitu, kinaishi kwa akiba yake, na joto linaimaliza akiba haraka. Kwa kamba hii tunaiweza hata mwenye kishamba kidogo, kata vituo vyako kumi, tia alama kwa kijiti.

Wenzetu wa maweni, Makunduchi, Jambiani, Micheweni, mbuzi wenu wanachuma vichaka juu ya mawe, bahati hiyo, msiwashushe bondeni bila ya sababu.

Banda la chanja, choo kidondoke chini na mbuzi asikifikie. Hori liwe juu, asipande akalikojolea. Choo kikusanye urundike mboji, lile joto la ndani linaua mayai, mbichi usiimwage kwenye majani ya kulishia.

Na mbuzi mpya, hasa wale wanaovuka na chombo kutoka Tanga, usimchanganye siku ile ile. Anaweza kuja na minyoo iliyokwisha kuzoea dawa. Mtenge wiki mbili, mtizame jicho, apewe dawa kwa maelekezo ya bwana mifugo, na akishapewa abaki ndani siku mbili ili mayai yaliyomo yatoke bandani.

Hatua ya 7: pima, usiamini macho peke yake

Mti umefanya kazi au kiangazi kimeingia minyoo ikapungua yenyewe? Njia ni moja, kuhesabu mayai. Chukua gololi za choo mbichi kutoka kwenye mkundu kwa mfuko safi uliouvaa mkononi, geuza mfuko, toa hewa, funga, andika jina la mnyama, weka kwenye ndoo yenye barafu lakini usigandishe, fikisha maabara ya mifugo siku ile ile au kesho yake. Unguja uliza pale Maruhubi, Pemba ofisi ya mifugo ya wilaya yako itakuelekeza. Peleka choo cha kabla, na cha siku ya 10 mpaka 14 baada ya dawa. Na wawili watatu wenye 1 au 2 waache bila ya mti, nao wapimwe, wakishuka wote sawasawa basi si mti ulioshusha.

Daftari la shule linatosha: tarehe, jina, rangi ya jicho, alichopewa. Mbuzi anaerudi 4 kila masika hata kwa dawa nzuri usibaki nae kwa uzazi, na watoto wake watakuwa hivo hivo.

Kwa wanaowanenepesha kwa ajili ya Idd Kubwa, anzeni kutizama macho mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mnyama wa kuchinjwa hafai akiwa kadhoofika mpaka hana uboho, na wiki mbili za mwisho hazitoshi kumrudisha damu. Dawa ya dukani ina siku zake za kungoja kabla ya nyama kuliwa, zimeandikwa kwenye chupa au karatasi yake, na kwa mbuzi aliepewa dozi kubwa kuliko ya kondoo muulize bwana mifugo akuongezee siku. Zihesabu kurudi nyuma kutoka mfungo tatu mwezi kumi, siku ya Idd yenyewe, na mnunuzi akiuliza mwambie tarehe uliyompa.